Mwaridi Usiodeka

Ukipita katika miji ya katikati ya Marekani kuanzia Juni hadi jalidi ya kwanza ya Oktoba, utauona kila mahali: mbele ya benki, kando ya vituo vya mafuta, kwenye kingo za maegesho ya hospitali. Ni kichaka cha mviringo kisichofika kifuani mwa mtu mzima, majani ya kijani kilichokoza, maua mekundu mepesi yenye petali chache, na hakuna anayeonekana ameinama kukihudumia. Ni mwaridi, na jina lake sokoni ni Knock Out. Wapenzi wa miwaridi ya kale huupita bila kugeuza shingo. Kwao, ua linalostawi karibu na pampu ya dizeli haliwezi kuwa na ufundi ndani yake. Ufundi, wanasema, umo katika waridi la kubembelezwa, linalopuliziwa dawa kila baada ya siku chache na kufunikwa kila baridi inapokaribia.

Sikubaliani nao. Nimekuwa nikiitunza miwaridi hii mbele ya nyumba yangu kusini mwa Wisconsin, nikaichanganya na lavenda, nepeta na vitunguu majani, na kadiri ninavyoifahamu ndivyo ninavyoamini kwamba wepesi wake ni kazi nzito iliyokwisha kufanywa mapema na mtu mwingine, mahali ambapo mpita njia hawezi kuiona. Mtunza bustani anapokunja mikono na kufurahi kwamba leo hana la kufanya, anakula jasho la mtu huyo.

Anaitwa William Radler, mtu wa Milwaukee, aliyewahi kuongoza bustani ya mimea ya Boerner iliyo nje kidogo ya mji huo. Lakini kabla ya kufika kwake, inafaa kujua mwaridi ulijifunza wapi kudeka.

Miwaridi mingi ya kale ya Ulaya ilichanua mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa kiangazi, kisha ikabaki majani matupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1790 Mwingereza Gilbert Slater alipata kutoka China mwaridi mfupi wa ajabu. Maua yake yalikuwa na wekundu wa damu ambao haukugeuka zambarau ulipochujuka, tena yalirudi na kurudi mpaka baridi ikayazuia. Huo, pamoja na wenzake wachache kutoka China, uliingizwa katika ukoo wa miwaridi ya Ulaya, na karibu kila waridi jekundu linalochanua mfululizo leo lina damu yao. Mwaka 1867 Jean-Baptiste Guillot wa Lyon, Ufaransa, alitoa 'La France', unaohesabiwa na wengi kuwa wa kwanza katika kundi la chotara wa miwaridi ya chai: ua moja kubwa, chipukizi lenye ncha, shina refu lililonyooka. Ndilo waridi la kadi za harusi na la maonyesho. Mwaka 1900 Joseph Pernet-Ducher, naye wa Lyon, akatoa 'Soleil d'Or' na kuingiza njano kali aliyoitoa kwenye mwaridi wa Uajemi. Watu walishangilia rangi. Pamoja na rangi hiyo ulikuja udhaifu, maana uzao wa njano ile ulishikwa kwa urahisi mno na ugonjwa wa madoa meusi.

Ugonjwa huo unaletwa na kuvu inayoitwa Diplocarpon rosae. Spora zake zinataka jani lililolowa kwa muda wa saa saba hivi bila kukauka. Zikipata hivyo, zinaota na kupenya. Doa huanza dogo, jeusi, lenye kingo zilizochanikachanika. Jani linageuka njano, linaanguka. Kufikia Agosti mwaridi uliokuwa fahari ya nyumba umesimama uchi, maua mawili juu ya fito. Kuvu yenyewe inalala kwenye majani yaliyoanguka na kwenye ngozi ya matawi, ikingojea mvua za mwaka unaofuata. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, jibu la watunza bustani lilikuwa bomba la dawa mgongoni. Wazalishaji waliendelea kuchagua ukubwa wa ua, rangi na umbo la chipukizi, kwa sababu hayo ndiyo yaliyoshinda kwenye maonyesho na kuuza katalogi, na majani wakayaachia dawa.

Radler alitaka mwaridi usiomlazimisha mtu kushika bomba. Alichofanya kinanifanya nimheshimu kila ninapokifikiria. Aliotesha miche katika chumba cha chini ya nyumba yake, kwenye mwanga wa taa, na ilipokwenda nje akaifanyia kile ambacho mtunza miwaridi mwingine angekiita ukatili. Alikusanya majani yenye madoa meusi, akayakausha, akayasaga yakawa unga, akaunyunyiza unga huo juu ya miche yake. Kisha akaimwagilia maji kutoka juu, ili majani yakae na unyevu na kuvu ipate kila inachokipenda. Wengine walikuwa wakiyaokota majani hayo na kuyachoma. Yeye aliyaweka akiba. Mche uliougua alijua nini cha kuufanya.

Sehemu hii ya ufundi haisifiwi inavyostahili: kutupa. Kuzalisha mwaridi ni kazi ya vidole na subira. Ua litakalokuwa mama linafunguliwa kwa mkono kabla halijafunguka lenyewe, petali zinaondolewa, kisha kila kijiti chenye chavua kinang'olewa kwa kibano kabla hakijapasuka, ua lisije likajichavusha. Chavua ya baba inapakwa kwa brashi laini, lebo inafungwa. Tunda huchukua miezi kuiva. Mbegu zinalazwa mahali penye ubaridi na unyevu kwa wiki kadhaa, ziamini kwamba zimepita majira ya baridi, la sivyo nyingi zinakataa kuota. Zikiota, kila mche una tabia yake, hata uliotoka tunda moja na mwenzake: huu mrefu, huu mfupi, huu hauna miiba, huu una ua zuri kuliko yote uliyowahi kuona ila majani yake yana doa moja dogo jeusi. Hapo ndipo mzalishaji anapopimwa. Mkono unaong'oa mche mzuri kwa sababu ya doa moja unajua unachokitafuta, na unajua kwamba ukihurumia leo utamtwika bomba la dawa mtu usiyemjua baada ya miaka ishirini.

Radler hakuanzia patupu. Katika ukoo wa Knock Out umo 'Carefree Beauty', mwaridi uliotolewa mwaka 1977 na Griffith Buck, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa. Buck alikuwa na kanuni nyofu kuliko zote: hakupulizia dawa, hakufunika mimea yake wakati wa theluji, na akaiacha baridi ya Iowa imchagulie. Uliobaki hai hadi majira ya kuchipua ndio aliouendeleza. Kwa hiyo mwaridi wa Radler ulirithi ugumu kutoka kwenye baridi ya jirani na afya ya majani kutoka kwenye unga ule. Mche wenyewe uliota mwishoni mwa miaka ya 1980, na haukuingia sokoni mpaka mwaka 2000, ambapo ulipewa tuzo ya All-America Rose Selections. Miaka hiyo zaidi ya kumi ya kuutazama, kuutesa na kuuzidisha ndiyo inayomwezesha mtu leo kuupanda Jumamosi asubuhi na kwenda zake.

Jambo jingine lisiloonekana liko chini ya udongo. Miwaridi mingi ya madukani hubebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi ya nguvu. Anayeyajua mashamba ya maua ya Naivasha anamjua 'Natal Briar', mbeba mzigo mkubwa wa mawaridi ya Kenya, ambaye jina lake halifiki kamwe kwa mnunuzi wa Ulaya. Kule Naivasha ubebeshaji una maana yake: waridi linapimwa kwa urefu wa shina, sentimita kwa sentimita, chini ya paa la plastiki, na wapo watu wa kulihudumia tangu alfajiri. Huo ni ufundi wa namna yake na unastahili insha yake. Lakini katika bustani ya nyumbani ambako ardhi inaganda, ubebeshaji una hatari. Baridi kali ikiua sehemu ya juu, kinachochipuka ni yule wa chini. Marekani mbeba mzigo wa kawaida alikuwa 'Dr. Huey', mwenye maua mekundu ya giza yanayotoka mara moja tu kwa mwaka, na zipo nyumba nyingi ambazo wenyewe walinunua waridi jeupe au la njano na leo wana 'Dr. Huey' ukutani, wakishangaa limetoka wapi. Knock Out kwa kawaida husimama kwenye mizizi yake wenyewe. Baridi ikikata matawi yote hadi usawa wa udongo, kitakachochipuka Mei ni kilekile ulichokipanda.

Sasa tuje bustanini. Mwaridi huu haukutengenezwa kwa ajili ya maegesho ya magari, ingawa huko ndiko ulikopata umaarufu. Naamini mahali pake pa haki ni bustani ya kijijini ya Kiingereza, ile ambayo waandishi wa mambo ya bustani William Robinson na Gertrude Jekyll waliitetea mwishoni mwa karne ya 19 dhidi ya mtindo wa kupanga maua kwa mistari na michoro kama zulia. Asili yake ilikuwa viwanja vidogo vya vibarua wa mashamba: kabichi, viazi, mizinga ya nyuki, mimea ya dawa, na maua yaliyojiotea kwenye nafasi iliyobaki. Mswahili hahitaji kuelezwa sana. Ni uani kwa bibi, ambako mchaichai, mrehani, asmini na pilipili vinaishi pamoja, na kila kimoja kina kazi.

Katika bustani ya namna hiyo hakuna mtu mwenye muda wa kuuhudumia mmea mmoja. Unaodeka unafunikwa na majirani zake, majani yake hayakauki umande, ugonjwa unaingia. Ndiyo maana chotara wa chai hawakukaa vizuri humo kamwe. Walitaka kitanda chao peke yao, udongo mtupu kuwazunguka. Kichaka kifupi chenye majani yenye afya kinakaa na wenzake bila ugomvi. Mimi huacha kiasi cha mita moja kutoka shina hadi shina, nikijaza miguu yake kwa geranium za kudumu zenye maua ya samawati, nepeta yenye majani ya kijivu, na vitunguu majani ambavyo naviacha vichanue. Nyuma yake napenda kitu kirefu cheupe. Mwaridi wenyewe unataka jua kwa muda wa saa sita kwa siku au zaidi, na hapo sikubali maelewano, kwa sababu kivuli ndicho kinachourudisha kwenye unyonge wa babu zake.

Wekundu ni rangi ngumu kuitumia. Jekyll, ambaye macho yake hayakuona mbali tangu utotoni na ambaye alianza kama mchoraji, alilijua hilo kuliko wengi. Katika kitanda kirefu cha maua nyumbani kwake, Munstead Wood, chenye urefu wa mita 60 hivi, aliweka kijivu, samawati na rangi laini kwenye ncha zote mbili, akapanda polepole kupitia njano na machungwa, na wekundu akauweka katikati, mahali ambapo jicho limekwisha kuandaliwa. Bustani ya nyumba ndogo haina mita 60. Lakini somo linabebeka: kijivu na samawati kabla ya wekundu, na wekundu wenyewe kwa uchache. Vichaka vitatu vilivyotengana, vikiitana kutoka pembe tatu za bustani, vina nguvu kuliko ukuta wa vichaka kumi na viwili. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu wengi hununua kwa dazeni.

Kazi ya mwaka inasimulika kwa pumzi moja, isipokuwa kupogoa. Maji chini kwenye shina, asubuhi, mpaka umri wa mwaka mmoja, kisha wakati wa ukame tu. Mboji kila majira ya kuchipua. Matandazo ya majani au vipande vya magome. Maua makavu huanguka yenyewe, na mzunguko mpya hutoka kila baada ya wiki tano au sita hivi.

Kupogoa ndiko kunakobaki kuwa ufundi wa mwenye bustani, na sitaki kukupitia haraka. Huku kwetu ishara ni forsythia: vichaka vyake vinapojaa maua ya njano mwezi wa Aprili, ndipo mkasi unapotoka. Mapema zaidi, vichipukizi vilivyoamka huuawa na baridi inayorudi. Unaanza na kilichokufa. Tawi lililokufa ni kahawia hadi ndani. Unakata kidogo kidogo kushuka mpaka ukutane na kiini cheupe, chenye unyevu. Halafu yanafuata matawi makongwe, yale mazito yenye ngozi ya kijivu, nayo unayatoa mawili au matatu tangu chini ili mapya yapate nafasi. Yaliyobaki unayafupisha hadi kati ya sentimita 30 na 45, kila kata juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje, ili katikati ya kichaka pabaki wazi na upepo upite. Wengi wanatumia mashine ya kukatia uzio wa miti na kuufanya mwaridi uwe mpira. Mmea hautakufa, maua yatatoka, lakini ndani yake kunajaa msongamano wa fito kavu, na umbo la mwaridi, ule uholela wake mwema wa kuegemea huku na kule juu ya nepeta, linapotea. Mtu akinionyesha kichaka kimoja kilichopogolewa kwa jicho, tawi kwa tawi, najua mengi kuhusu bustani yake yote.

Usiodeka haina maana kwamba hauguswi. Julai huja mdudu mwenye mabawa ya shaba na kichwa cha kijani kinachong'aa, asili yake Japani, aliyeonekana Marekani kwa mara ya kwanza New Jersey mwaka 1916. Hula petali na majani bila kuchagua ukoo. Asubuhi na mapema, akiwa bado mzito wa baridi, unamkung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Zaidi ya mdudu huyo kuna kilio. Mwaridi ambao madoa meusi hayakuuweza ulikutana na ugonjwa mwingine, unaosababishwa na virusi vinavyobebwa na utitiri mdogo mno usioonekana kwa macho, unaosafiri na upepo. Machipukizi hutoka kwa fujo kama fagio, mekundu, yenye miiba mingi kupita kiasi, maua yakapinda, na mmea hufa. Hakuna dawa, unang'oa wote na mizizi, unaufunga kwenye mfuko, unautoa bustanini. Jina la Knock Out limetajwa sana katika habari za ugonjwa huu, na sababu yake ni rahisi: watu walipanda mamilioni, mmoja ukimgusa mwenziwe, mtaa baada ya mtaa, na utitiri ukapata barabara iliyonyooka. Radler aliuandaa mmea wake kwa adui aliyemjua. Upandaji wa foleni ndefu ulifanywa na sisi wengine. Bustani ya kijijini, yenye mwaridi mmoja hapa, mwingine kule, na mimea ya jamii nyingine katikati, huupunguzia utitiri njia. Haina ahadi zaidi ya hiyo, lakini hata hiyo si ndogo.

Limebaki neno la harufu, na hili ndilo ambalo mama yangu, aliyeko Tanga, aliliuliza kwanza nilipomtumia picha.

"Linanukia?"

"Kwa mbali sana, mama. Karibu halinukii."

"Sasa mwanangu, waridi lisilonukia la nini?"

Swali lake lina haki yote. Amekulia mahali ambapo mgeni wa harusi hupokewa kwa mrashi, na ambapo maji ya waridi huingia kwenye halua na kwenye sala. Huko Jabal Akhdar, Oman, watu huamka kabla ya jua kuchuma mawaridi ya pinki wakati harufu bado haijapanda angani, wayapike wapate marashi hayohayo. Katika dunia hiyo rangi ni nyongeza tu. Radler alichagua majani, kuchanua mfululizo na uvumilivu wa baridi, na harufu ikabaki nyuma. Chochote utakachosema kumtetea, hiyo ni hasara, na wazalishaji waliomfuata bado wanahangaika kuiziba.

Bustani ya kijijini inamruhusu mtu asichague upande. Karibu na mlango nilipanda 'Rose de Rescht', mwaridi mfupi wenye jina la mji wa Rasht, Iran, maua madogo yaliyojaa petali, wekundu ulioegemea zambarau, na harufu inayokufikia kabla hujafika. Nao hauna makuu. Unavumilia theluji yetu na unataka kupogolewa tu. Ila nguvu zake nyingi huzimalizia Juni, na baadaye hutoa ua moja moja tu. Nilimtumia mama petali zake zilizokaushwa ndani ya bahasha. Siku zilipomfikia alinipigia simu, akazisifu, akaomba nyingine, kisha akauliza kama ule wa kwanza bado upo.

"Upo, mama."

"Basi usiung'oe. Mgeni wako akija mwezi wa tisa atakuta nini mlangoni?"